Shaba ya Kolwezi na njia zake za kufika baharini



Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara kubwa inayotoka Kolwezi kwenda Likasi, ataona makamio yanafuatana moja nyuma ya lingine, yamebeba vibao vya shaba na mifuko mikubwa ya kobalti. Mengi yanaelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Upande wa pili yanakuja makamio ya sulfuri, ya mafuta, ya chokaa na ya unga wa mahindi. Watoto wanayahesabu. Wakubwa hawayahesabu tena, wamekwisha kuzoea mavumbi. Lakini ndani ya mwendo ule kuna historia ndefu, na sisi tunaokaa na kutumika katika inchi ya Lualaba inatupasa kuijua, kwani imeamua mambo mengi ya maisha yetu: mishahara, bei ya chakula, hata vita na amani.

Tunataka kueleza jambo moja tu. Shaba ikiwa bado machimboni haina bei ya kweli. Bei yake inapatikana ikifika baharini. Basi mwenye kushika njia ya baharini anashika sehemu ya bei, na mara nyingi sehemu hiyo ni kubwa kuliko ile inayobaki kwa mwenye udongo. Tutalionyesha neno hili kwa hesabu kidogo, kisha kwa habari za miaka iliyopita.

I. Hesabu ya kwanza

Bei ya shaba haitungwi Kolwezi, wala Lubumbashi, wala Kinshasa. Tangu mwaka wa 1877 kuna soko la madini kule London, na bei inayotangazwa pale inafuatwa na wauzaji wengi wa dunia. Mchimbaji wa Chile na mchimbaji wa Kolwezi wanafuata bei hiyohiyo. Lakini inchi ya Chile ni nyembamba na bahari inaigusa kwa urefu wake wote. Sisi, hata kwa njia iliyo fupi, tuko mbali na bahari zaidi ya kilometre 1,700.

Tufanye mfano, mfano tu. Tuseme mzigo wa shaba unauzwa sokoni franka 100. Kazi ya kuuchimba na kuuyeyusha inakula franka 60. Kuupeleka baharini kunakula franka 10 kwa yule anayekaa karibu, na franka 25 kwa yule anayekaa mbali. Wa kwanza anabaki na 30, wa pili anabaki na 15. Na ndani ya zile 15 kunapaswa kutoka kodi ya serkali, faida ya kompani, shule na hospitali. Sasa bei ya London ishuke kwa franka 15. Wa kwanza ataumia, lakini ataendelea. Wa pili hana kitu tena. Anafunga mashimo na kurudisha watu nyumbani. Reli haishushi malipo yake kwa sababu London imeshusha bei.

Kuna kanuni ya pili. Kitu kizito chenye bei ndogo hakiwezi safari ndefu. Kitu chepesi chenye bei kubwa kinaiweza. Ndiyo maana udongo wa machimbo hauendi baharini kama ulivyo. Unasagwa na kuoshwa kwanza, ukawa konsantre. Kisha unayeyushwa ukawa shaba safi. Anayesafirisha konsantre analipa nauli ya shaba, na pamoja nayo nauli ya chuma, sulfuri na mawe asiyoyauza kama shaba. Tukumbuke kanuni hizi mbili, tutazikuta mahali pote.

II. Shaba juu ya kichwa cha mtu

Mbele ya kuja Wazungu shaba ilikuwa inachimbwa tayari. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu wameona misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu tangu miaka mamia mengi. Mgr de Hemptinne, mkubwa wa misioni ya Wabenediktini katika Katanga, alitoa mwaka wa 1926 andiko kwa Kifransa juu ya hawa wafuaji wa zamani, akiwaita «wala shaba». Walikuwa wakichimba wakati wa kiangazi, wakiyeyusha katika tanuru za udongo, na kumwaga shaba katika umbo la msalaba. Msalaba ule ulikuwa feza, ulikuwa mahari, ulikuwa mzigo wa biashara.

Lakini ni nani aliyeubeba? Ni mtu. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi. Basi tani moja ilidai watu zaidi ya 30, na kila mmoja alikula kila siku, akienda na akirudi. Safari ikizidi miezi, chakula cha wapagazi kilikuwa na bei kuliko mzigo wenyewe. Ndiyo maana shaba ya zamani ilikwenda mbali kwa vipande vidogo tu, na pembe za ndovu zilikwenda mbali zaidi, kwani bei ya kilo moja ya pembe ilishinda kabisa bei ya kilo moja ya shaba. Na tusifiche: wengi wa wale waliobeba walikuwa watumwa, nao waliuzwa pamoja na mizigo yao.

Msiri, mfalme wa Bayeke, aliifahamu hesabu hii vizuri. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa Unyamwezi aliyekuja kutafuta shaba. Mwana alikaa, akajenga mji wa Bunkeya, akashika njia mbili: moja ya mashariki kwenda pwani ya bahari ya Hindi, nyingine ya magharibi kwenda Benguela. Nguo zilitoka huku, bunduki na baruti zilitoka kule. Mwenye njia mbili anaweza kumwambia mfanyabiashara: «Bei yako hainipendezi, nitauza upande mwingine.» Nguvu ya Bunkeya ilitoka humo, na katika jasho na damu ya watu waliolazimishwa. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, na inchi ikaingia mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili. Mfalme huyo alipata mlima wa shaba, lakini hakuwa na njia ya kuutoa.

III. Njia ya kusini

Njia ya kwanza ya chuma haikutoka Kongo. Ilitoka kusini, kwa Waingereza. Reli ya Rhodesia ilivuka maporomoko ya Victoria mwaka wa 1905, ikafika mpaka wetu, karibu na Sakania, mwaka wa 1909, na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka wa 1906. Tanuru yake ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza mwaka wa 1911. Tutazame miaka hii: kompani ilikuwapo, shaba ilikuwapo, watu walikuwapo, lakini shaba haikuyeyushwa mpaka reli imefika. Kwanza njia, nyuma yake tanuru.

Shaba hiyo ilishuka mpaka Beira, katika Msumbiji, safari ya kilometre zaidi ya 2,500. Na treni hazikurudi tupu. Zilipandisha makala ya mawe ya Wankie, mashini na vyakula. Hapa kuna kanuni ya tatu ya kazi ya mizigo: gari linalorudi tupu linamlipisha mwenye mzigo safari mbili. Lakini ikiwa makala yanapanda na shaba inashuka, kila mmoja analipa safari yake. Ndiyo sababu bei ya kupandisha makala na bei ya kushusha shaba zilifungwa pamoja, na wakubwa wa reli ya Rhodesia walipata neno kubwa katika mambo ya Katanga. Wabelgiji walitawala inchi, lakini mlango wa nyumba ulikuwa kwa jirani.

Mwaka wa 1915, wakati wa vita, kulitokea jambo linaloonyesha wazi njia ni kitu gani. Waingereza walitaka kupeleka mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwenye ziwa Tanganyika kupigana na Wadachi. Walizitoa Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, mahali tunapoona leo machimbo makubwa. Wakati ule ndipo reli ilipowashusha. Kutoka pale waliziburuta kwa mashini za mvuke, kwa ng’ombe na kwa mikono ya watu wengi kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kisha Bukama, kisha juu ya maji ya Lualaba. Treni ilikata maelfu ya kilometre kwa majuma machache. Lakini kile kipande kidogo cha milima pasipo reli kilikula zaidi ya mwezi mmoja. Gharama ya safari haipimwi kwa urefu tu. Inapimwa mahali mzigo unaposhushwa na kupakiwa tena.

IV. Njia mbili: ya taifa na ya Lobito

Serkali ya Ubelgiji haikupenda kutegemea Waingereza. Ikajenga njia yake, iliyoitwa njia ya taifa. Kompani ya B.C.K. ilifikisha reli Bukama mwaka wa 1918, kisha ikaiendeleza zaidi ya kilometre 1,100 mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo, kando ya mto Kasai. Mfalme Albert mwenyewe alikuja kuifungua mwaka wa 1928. Mzigo wa Katanga ulikwenda kwa treni mpaka Ilebo, ukashushwa, ukapakiwa katika meli mpaka Léopoldville, ukashushwa tena, ukapakiwa katika treni ya Matadi, kisha katika meli ya bahari. Njia hii yote ilikuwa ndani ya Kongo, na kila franka ya nauli ilibaki ndani ya mfuko wa koloni. Lakini ilikuwa ndefu, na vibao vya shaba vilibebwa kwa mikono mara nyingi.

Wakati uleule Mwingereza mmoja wa Scotland, Robert Williams, alikuwa akijenga njia nyingine. Alipata ruhusa ya Wareno mwaka wa 1902, akaanza kazi mwaka wa 1903 kutoka bandari ya Lobito. Feza zilikosa, vita ya 1914 ikasimamisha kazi, lakini mwisho reli ilikata Angola yote, kilometre 1,344, mpaka mpaka wa Luau. Upande wa Kongo ilijengwa reli ya kutoka Tenke mpaka Dilolo, na mwaka wa 1931 pande mbili zikaungana. Reli hii ndiyo inayopita Kolwezi. Mji wenyewe ulianza nyuma yake, mwaka wa 1937. Tunaweza kusema kwa haki kwamba Kolwezi ni mtoto wa shaba na wa reli ya Lobito.

Kwa hesabu, Lobito ilishinda njia zote. Ilikuwa fupi kuliko Matadi na kuliko Beira. Tena upana wa reli ulikuwa mmoja, metre 1 na milimetre 67, katika Angola, Katanga, Rhodesia na Afrika ya Kusini. Behewa lililopakiwa Kolwezi liliweza kufika bandarini pasipo kushushwa. Lakini siasa haikuiachia hesabu kazi yake. Serkali ya koloni ilitaka njia ya taifa ipate mizigo, nayo ilipata sehemu kubwa ya shaba hata ikiwa ndefu. Wengine wanacheka wakisikia hivi. Sisi hatucheki. Njia ya taifa ililisha miji ya Kasai, na watu wa Ilebo walipata kazi. Tena mwenye njia ya pili habanwi na mwenye ya kwanza. Kosa lilikuwa mahali pengine: waliobeba gharama ya siasa ile hawakuulizwa kamwe.

Tuongeze kwamba Lobito ilifunguliwa katika mwaka mbaya. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka dunia nzima, na Union Minière ilirudisha maelfu ya wafanyakazi kwao. Mfano wetu wa franka 15 haukuwa hadithi.

Nyuma ya vita ya pili kulikuwa na njia ya nne. Mwaka wa 1956 reli ya Kamina iliungana na ile ya Kabalo, na mzigo uliweza kwenda Albertville, ndiyo Kalemie, kuvuka ziwa mpaka Kigoma, na kushuka Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walikuwa na kituo chao bandarini tangu mapatano ya 1921. Basi mwaka wa 1960 Katanga ilikuwa na milango minne: Lobito, Matadi, Beira na Dar es Salaam. Hata divai ya misa na unga wa hostia vilipita katika milango hiyo, kwani mzabibu hauoti Kolwezi.

V. Milango inafungwa

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Kwa miaka miwili na nusu, mpaka Januari 1963, njia ya kaskazini ilikatika kwa vita, na shaba ikapita Lobito na kusini. Wengi wanasimulia habari za viongozi na maaskari wa wakati ule. Ni wachache wanaosema kwamba utawala wa kujitenga ungekufa upesi zaidi kama milango ile miwili isingekuwa wazi.

Tarehe 1 Januari 1967 serkali ilitwaa mali ya Union Minière, na kompani mpya, iliyoitwa mwishoni Gécamines, ikaendesha machimbo. Udongo ulirudi kwa wenyewe. Lakini njia haikurudi. Mwaka wa 1975 vita ya Angola ilifunga reli ya Lobito. Madaraja yalivunjwa, mabomu ya ardhini yakazikwa kando ya reli. Mlango ule ulifungwa kwa zaidi ya miaka 30.

Mzigo ukageuka kuelekea kusini. Ulipita Sakania, Zambia na Rhodesia mpaka bandari za Afrika ya Kusini, kama East London. Wakati ule viongozi wa Afrika walikuwa wakikataa utawala wa ubaguzi kwa sauti kubwa, nayo Zaïre pamoja nao. Lakini shaba yake ilipita mikononi mwa serkali zilezile zilizokataliwa. Si unafiki tu. Asiye na mlango wake anapita mlango anaopewa. Wazee wanasema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kisha reli yenyewe ikawa njia ya vita. Mwezi wa tatu 1977 askari waliotoka Angola waliingia wakifuata reli: Dilolo, Kasaji, Mutshatsha. Walirudishwa, wakaja tena, na tarehe 13 Mei 1978 waliuteka mji wa Kolwezi. Maaskari wa Ufaransa waliruka na miavuli tarehe 19 Mei. Wakongo wengi na wageni wengi walikufa katika siku zile, na hapana jamaa ya zamani ya Kolwezi isiyojua jina la mtu aliyepotea.

Soko la dunia liliogopa, si kwa ajili ya wafu, bali kwa ajili ya kobalti, kwani sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia ilitoka hapa. Mwanzoni mwa 1978 bei ilikuwa chini ya dola 7 kwa ratli. Mwaka wa 1979 bei ya wazalishaji ilifika dola 25. Basi kanuni yetu ya pili ilionekana wazi: kobalti ilipanda ndege kwenda kuuzwa, na shaba ikabaki kungoja treni. Kitu cha bei kubwa kinaruka juu ya vita. Kitu cha bei ndogo kinangoja. Na unga wa mahindi, chakula cha watu, ndio mzigo wenye bei ndogo kuliko yote. Basi njia ikifungwa, wa kwanza kuumia ni mwenye sufuria ya bukari.

VI. Wakati wa makamio

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 machimbo ya Kamoto yaliporomoka chini ya ardhi, na mwaka wa 1994 kompani haikufikisha tani 40,000. Sababu zilikuwa nyingi: mashini zilizochakaa, feza zilizoliwa, fujo ya siasa. Lakini njia mbovu ilikuwa mojawapo. Hapa inatupasa kueleza tofauti ya treni na kamio.

Reli ni kama kanisa la matofali. Kulijenga na kulitunza kunagharimu karibu sawasawa, wakiingia watu 10 au wakiingia 500. Wakiingia 500, sadaka ndogo ya kila mmoja inatosha. Wakiingia 10, paa linavuja na hakuna wa kulitengeneza. Kamio ni kama hema: halina paa la kudumu, linaanza kazi siku ileile, na mtu mmoja anaweza kulinunua. Shaba ilipopungua, reli yetu ilikosa watu wa kujaza kanisa. Vituo vilichakaa, treni zilianguka, na wafanyakazi wa reli walikaa miezi mingi pasipo mshahara. Tulio na misioni kando ya reli tunajua maana yake: shule tupu, na wazee waliovaa kofia ya kazi wakingoja treni isiyokuja.

Nyuma ya sheria ya madini ya mwaka 2002 kompani za inchi nyingi zilikuja. Machimbo yalifunguka upya, na mwaka wa 2015 Kolwezi ikawa mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mwaka wa 2023 Kongo yote ilitoa karibu tani milioni 3 za shaba, mara nyingi zaidi ya miaka ya Gécamines. Reli haikuwa tayari. Basi makamio yalichukua kazi, moja kwa tani 30 hivi, mpaka Durban, Beira, Dar es Salaam na Walvis Bay.

Kila kitu kikajibana Kasumbalesa. Shoferi anaweza kulala pale siku nyingi, chini ya gari lake, akilinda mzigo ambao bei yake inazidi mshahara wake wa maisha yote. Shaba iliyosimama ni feza iliyolala: mwenye mali amekwisha kulipa wachimbaji, umeme na sulfuri, naye hajapata kitu. Atatafuta hasara ile mahali fulani. Hataitafuta London. Ataitafuta katika mshahara, au katika kodi, au katika bei ya vitu vinavyopanda. Na mpaka ukifungwa kabisa, kama Zambia ilivyofunga kwa siku chache mwezi wa nane 2024 kwa ajili ya ugomvi juu ya vinywaji vinavyoingia Kongo, hata mama anayeuza unga sokoni Kolwezi anajua neno hilo mara moja, pasipo kusoma gazeti.

VII. Lobito tena

Leo mlango wa magharibi unafunguka. Nyuma ya vita ya Angola Wachina waliijenga upya reli mpaka Luau, na mwaka wa 2018 mizigo ya Kongo ilianza tena kufika Lobito kwa treni. Mwezi wa saba 2023 kompani ya Lobito Atlantic Railway ilipewa kuiendesha kwa miaka 30. Mwisho wa mwaka ule treni ya majaribio ilitoka Kolwezi tarehe 23 Desemba na konsantre ya Kamoa-Kakula, karibu tani 1,110, ikafika Lobito tarehe 31. Siku nane. Makamio 37 hivi yangehitajiwa kwa mzigo uleule. Mwezi wa kumi na mbili 2024 rais wa Marekani, Joe Biden, alifika Lobito mwenyewe. Wachina nao, mwaka uleule wa 2024, waliahidi kuitengeneza upya TAZARA, ile reli ya kilometre 1,860 waliyoijenga zamani kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia. Basi wakubwa wa dunia wanashindania tena njia, kama katika siku za Robert Williams.

Tufurahi? Tunaweza kufurahi, kwani njia ya pili ni kitu chema. Msiri alilijua hilo. Lakini historia inatufundisha kuuliza maswali matatu mbele ya kupiga makofi.

La kwanza: Ni nani anayeshika njia, naye anatoza kiasi gani? Kwani akiwa mmoja tu, sisi tutakuwa tena katika nyumba yenye mlango kwa jirani.

La pili: Treni inarudi na nini? Ikishusha shaba na kurudi tupu, au na vitu vya machimbo tu, basi ni bomba la kunyonya. Ikirudi na mbolea, simiti, unga na vitabu kwa bei nafuu, na ikisimama Mutshatsha na Kasaji kupokea mahindi na mihogo ya wakulima wetu, ndipo ni reli ya watu.

La tatu: Inachukua shaba, au inachukua mawe? Kila hatua ya kusafisha inayofanyika hapa inapunguza uzito wa mzigo na kuacha mshahara nyumbani. Kule Kamoa-Kakula waliwasha tanuru kubwa mwishoni mwa mwaka wa 2025. Hiyo ni sawa na kufupisha njia pasipo kujenga hata kilometre moja.

Maswali haya si ya wahandisi tu. Padri anayebatiza kando ya barabara ya makamio, katekista anayezika mtoto aliyegongwa na kamio usiku, mseminari ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli, wote wana haki ya kuyauliza.

Tena tuna ombi moja. Katika Tenke, Dilolo, Kamina na Ilebo wangali wazee waliofanya kazi ya reli: waliopakia vibao, walioendesha mashini, waliolinda daraja. Wanajua mambo yasiyoandikwa mahali popote. Kila mwaka wanapungua. Mwalimu au katekista mwenye mzee kama huyo katika kijiji chake amwendee na daftari, amwulize: «Treni ilichukua nini, ilirudisha nini, na wewe ulilipwa nini?» Aandike maneno yake kama alivyoyasema. Kwa ushuhuda ule watoto wetu wataweza kuipima hesabu ya njia mpya.